Uzi wa Mikrometa

Bwana mpima ardhi aliponiuliza kama uzi mpya ungefaa, nilipaswa kukataa. Nilijibu, "Utafaa, Bwana." Nilikuwa nimemaliza sekondari karibuni, na yeye alikuwa ameniachia nitunze darubini yake ya kupimia. Sikutaka anione sijui kazi.

Chini ya darubini ile palikuwa na duara la shaba lenye alama za pembe, na kando yake hadubini ndogo yenye mikrometa. Ndani ya mikrometa ulipita uzi mmoja wa buibui. Ukizungusha skrubu, uzi husogea kutoka alama hadi alama, ukipima nafasi ambayo jicho tupu haliwezi kuiona. Kosa la unywele pale ndani lilikuwa hatua kadhaa huko shambani.

Tulikuwa Mabibo, tukiweka mpaka kati ya shamba la mkonge la mzungu mmoja na minazi ya mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenilea, na alikwisha kuniahidi binti yake. Kisima chao kilikuwa karibu mno na mpaka.

Asubuhi ile uzi wa zamani ulikatika. Nilimtafuta buibui kwenye makuti ya jiko la mjomba, nikamwacha aning'inie, nikauzungusha uzi wake kwenye kijiti na kuubandika mahali pake. Lakini ilikuwa masika, na uzi wa buibui ukinyonya unyevu hulegea. Niliujaribu kwa kupima nafasi ileile mara mbili. Majibu hayakulingana. Hapo ndipo Bwana aliponiuliza.

Mbeba mnyororo wa kupimia, Mnyamwezi, alianza utani wake. "Mzee, leo nyie Wazaramo mtapimwa mpaka ukoko wa sufuria."

"Shika vyuma vyako," mjomba akamjibu. "Anayesoma humo ni mpwa wangu. Wewe umeletwa kubeba."

Watu wakacheka. Mimi niliinamia hadubini. Uzi ulikuwa umebonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, nami sikujua nisome juu ya mbonyeo au chini yake. Nikakisia. Nikataja namba kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Jiwe la mpaka likasimikwa kati ya kisima na nyumba ya mjomba, kisima kikabaki upande wa mkonge.

Mjomba alilitazama, kisha akanisogelea. "Mpwa wangu, soma tena."

Wingu lilikuwa limeshatanda. Bwana akaniuliza, "Kuna haja?"

Kama ningesema uzi umelegea, angeuliza kwa nini nilimwambia utafaa. Mjomba alisimama karibu kiasi cha kusikia pumzi zangu.

"Hakuna, Bwana," nikasema.

Mwenye mkonge akazungushia waya. Mjomba akachimba kisima kingine, kikatoa maji ya chumvi. Baadaye aliiuza minazi kwa bei ya kutupa, akahamia Chamazi kwa wakwe zake. Nilimfuata huko nikamweleza habari ya uzi, bila kuficha kitu.

"Nilikuomba usome tena," alisema, akaingia ndani.

Binti yake aliolewa na mtu mwingine. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipomwambia shikamoo hakuitikia. Alizikwa bila mimi kuitwa. Nilikosa mke niliyempenda, na nikampoteza mtu pekee aliyekuwa baba kwangu.