Kufuta Kioo Tu

Mtaani walimwita Bisibisi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa redio, pasi na feni, na kibanda chake kiliegemea ubavu wa nyumba yake. Tuseme ukweli, kitu kibovu hakikumshinda. Balaa lake lilikuwa vitu vizima. Bisibisi hakuweza kuona kitu kinafanya kazi vizuri akakiacha. Lazima akifungue, aone ndani kuna nini. Cherehani ya mkewe aliifungua ikiwa nzima, ikaanza kuruka nyuzi. Saa ya umeme ya jikoni, ile ya namba nyekundu, aliifungua wiki ileile iliponunuliwa. Tangu siku hiyo umeme ukikatika hata kwa muda wa kupiga chafya, saa inasahau kila kitu, inaandika sifuri nne na kumemeteka mpaka mtu aje kuirekebisha. Na anayeirekebisha ni mkewe, kila mara, amesimama juu ya kigoda, ananung'unika.

"Mume wangu, wewe ningekushonea mfuko wa mikono," humwambia, "halafu niutie kufuli."

Bisibisi hucheka. Walikuwa wanapendana, msije mkadhani vingine.

Mkewe naye alikuwa na kuku wake, kuku wa shingo tupu, wasio na manyoya kuanzia kichwani hadi mabegani, wabaya wa sura mpaka wanachekesha. Siku alipoolewa mama yake alimpa kuku jike mmoja, na wote waliofuata kwa miaka thelathini na mmoja walitoka kwa huyo. Mama mtu alikwisha kufariki. Hakuacha nyumba wala pete. Aliacha kuku.

Mwaka huo maradhi ya kuku yakapita mtaani yakifagia banda hadi banda. Kwa siku tano mkewe alizika kuku nyuma ya nyumba, jogoo akiwemo. Akabaki koo mmoja, mzee, kuku mama aliyekwisha kuchoka. Na jikoni kulikuwa na kikapu cha mayai kumi na manne, yaliyotagwa kabla ya msiba. Jogoo hayupo, kwa hiyo mayai mengine yenye uhai hayapo. Ukoo mzima ulikuwa ndani ya kikapu kile.

"Nitamlalisha koo juu yake," mkewe akasema.

"Huyo bibi kizee? Akiugua katikati je? Akiamka akaenda kutafuta wadudu mayai yakapoa?" Bisibisi alikuwa amengoja nafasi hii miezi miwili. Kibandani alikuwa na friji mfu aliyoigeuza mashine ya kutotolesha: balbu mbili za kutoa joto, feni ndogo, kipimajoto, sahani ya maji, na mlangoni alikata dirisha akatia kioo. "Mashine haiugui, mama watoto. Haina njaa. Haiendi kokote."

Mkewe alimsogezea kikapu. "Haya," alisema. "Lakini sharti moja. Mikono yako."

"Nimekuelewa."

"Sijasema bado. Siku wakianza kutoka, usiguse ule mlango. Daktari wa mifugo ameniambia kwa simu, mvuke ukitoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka, inambana kifaranga kama nguo iliyorudi. Hatoki tena. Usifungue mpaka wamalize wote."

"Naapa," Bisibisi akasema, na wakati anasema alimaanisha.

Na jamani, zilikuwa siku nzuri zile! Friji aliihamishia chumbani, kila yai akaliandika msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, akayageuza asubuhi, mchana na jioni bila kukosa. Siku ya saba walifunga pazia la chumbani wakamulika yai moja moja kwa tochi. Mawili yalikuwa matupu. Kumi na mawili yalikuwa na mishipa myekundu, na katikati kitu kinachotikisika. Mkewe alimshika mkono akasema, "Mama angeona." Hakuwa amemshika mkono hivyo tangu watoto wao waolewe na kuhama. Siku ya kumi na nane Bisibisi aliacha kugeuza, akaongeza maji, akafunga mlango. Siku ya ishirini wakasikia milio humo ndani ya mayai. Mkewe aliweka sikio kwenye friji, akawa anaitikia kana kwamba anaamkiwa na wajukuu.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, kifaranga wa kwanza akatoka, amelowa, shingo tupu kama babu yake. Mayai mengine saba yalikuwa yametobolewa. Mkewe alikuwa na nguo ya bibi harusi ya kupeleka upande wa pili wa mji.

"Narudi saa kumi," alisema, keshafika mlangoni. "Mikono."

"Nenda, bwana!"

Akabaki peke yake mbele ya kioo. Na kioo, kwa ule mvuke, kikaingia ukungu, akawa haoni kitu. Anasikia milio, haoni. Mtu aliyeshinda maisha yake yote akichungulia ndani ya vitu! Alivumilia nusu saa. Akaenda kibandani, akarudi. Akajiambia, si kufungua huku, ni kufuta kioo tu. Sekunde mbili.

Akafungua. Mvuke ukampiga usoni, ukaishia chumbani. Akafuta kioo. Na kwa kuwa keshafungua, akaona yai moja lina tundu na mdomo mdogo unahema. Akafunga. Baada ya robo saa mdomo ulikuwa palepale. Maskini, amekwama, akawaza, ngoja nimsaidie. Akafungua tena, akaja na kibano chake cha kushikia nyaya nyembamba, akabandua ganda kidogo. Ikatoka damu. Akafunga kwa hofu. Kioo kikaingia ukungu, safari hii mwepesi. Akafuta. Alifungua mara tano, au sita. Mwenyewe hakutaka kuhesabu. Kioo hakikuingia ukungu tena. Kilikaa safi, akaona vizuri sana ngozi za mayai zikigeuka ngumu na kahawia, na milio ikipungua mmoja mmoja.

Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa. Lake lilisikia, na mdomo ukaapa juu yake.

Mkewe aliporudi alisimama katikati ya chumba kabla hata hajavua viatu. "Mbona kimya?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: nilifungua mlango. Badala yake akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Umeme ulikatika. Mara tu ulipoondoka. Saa nzima."

Mkewe alipiga magoti, akamchukua yule kifaranga mmoja aliyetoka asubuhi, akamtia kifuani. Mayai mengine aliyatazama bila kuyagusa. Kisha akaenda jikoni kunywa maji, na alikaa huko muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Pole, mume wangu," alisema. "Umeme si wako."

Bisibisi akashusha pumzi. Mungu amsamehe, alifurahi.

Jioni aliingia jikoni kunawa. Juu ya kigoda kulikuwa na beseni la vyombo, vilevile lilivyoachwa asubuhi, maji yake yametulia. Ukutani saa ilisoma saa kumi na mbili na dakika saba, namba nyekundu zimetulia kabisa. Hazikumemeteka. Hazikuwa zimemezwa na sifuri hata dakika moja tangu asubuhi, na hakuna aliyepanda kuzirekebisha.

Alisimama pale maji yakimwagika bombani.

Kifaranga yule alilelewa na koo mzee, akakua. Jike. Koo naye akafa kwa uzee. Sasa jike yule yupo peke yake uani, shingo tupu, anataga karibu kila siku mayai yasiyo na kitu ndani, na hakuna jogoo wa aina yake popote. Mkewe hakuuliza neno. Hakumtania tena juu ya mfuko wa mikono, na hilo ndilo Bisibisi hulikumbuka zaidi. Friji aliivunja akauza bati. Mara ngapi amekaa mezani amejiandaa kusema, na akaishia kuomba chai!

Hata leo asubuhi. Mkewe alimwekea yai la kuchemsha kwenye sahani, akaketi mbele yake chini ya ile saa.

"Mke wangu," akaanza, "siku ile umeme..."

"Kula," mkewe akasema taratibu, akimsogezea chumvi. "Linapoa."