Ushahidi wa Mama Namnyaki

Silantoi alikuwa mama ntilie karibu na chuo cha misitu Olmotonyi. Mumewe, Abdiel, alipasua mbao. Watu walimjua kuwa mpole, anayetoka Rombo, asiye na ndugu. Walikuwa na binti mmoja, Namnyaki.

Jumanne moja polisi walimchukua Abdiel kazini. Silantoi alipofika kituoni aliambiwa kwamba Abdiel si Abdiel. Ni Mwakio, Mkenya wa Taveta, anayetafutwa tangu Agosti 2011 kwa kuchoma nyumba katika ugomvi wa shamba. Mtu aliungulia ndani. Kenya ilikuwa imeomba arudishwe.

Siku aliyoruhusiwa kumwona mahabusu, mumewe alimnong'oneza, "Mama Namnyaki, sema tulioana mwaka 2010. Wakiamini nilikuwa huku, wataniachia."

Silantoi aliyabeba maneno hayo hadi siku ya kesi.

Mahakamani hakimu alieleza taratibu. "Mahakama hii haiamui kama aliua. Hilo ni la mahakama za Kenya. Mimi naangalia kama huyu ndiye wanayemtaka, na kama analotuhumiwa ni kosa hapa kwetu pia."

Wakili wa Abdiel alimwita Silantoi. Akaapa kwa Biblia.

"Mama, ulimfahamu lini mumeo?"

Alimtazama Abdiel, naye akainamisha kichwa.

"Mwaka 2013. Alikuja na begi moja. Ya kabla ya hapo siyajui."

Wakili aliketi bila swali lingine. Hakimu aliamuru Abdiel akae gerezani akisubiri kukabidhiwa, akamwambia ana siku kumi na tano za kwenda Mahakama Kuu kupinga. Hakupinga.

Siku ya kumi na mbili Silantoi alikwenda gerezani.

"Baba Namnyaki, uliichoma?"

"Niliichoma. Sikujua kuna mtu ndani."

"Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja!"

"Ningekwambia, ungebaki?"

Muda ukaisha.

Wiki tatu baadaye wakili alipiga simu: waziri amesaini hati ya kumrudisha, na asubuhi ile Abdiel amekabidhiwa kwa polisi wa Kenya pale mpakani Holili. Silantoi alikuwa akipakua wali. Alimaliza kuwapakulia wateja wote, kisha akaketi nyuma ya banda akalia hadi ukoko ukaungua.

Kesi ilipoanza alivuka mpaka kwenda kusikiliza. Nje ya mahakama alimkuta bibi mmoja amekaa peke yake kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Bibi alisogea kumpa nafasi. "Mimi nimekuja kwa ajili ya kijana wangu. Alichomewa ndani. Na wewe umemfuata nani?"

Silantoi angeweza kusema lolote.

"Mume wangu," alisema. "Ndiye mshtakiwa."

Bibi hakumfukuza, wala hakumtazama tena. Walikaa hivyo mpaka karani akatoka kuita majina.