Bibi Upepo wa Balykchy na samaki wanaogongana

Saa mbili kasoro robo asubuhi ziwa la Issyk-Kul limetulia kama maji ya beseni. Burulcha Sarygulova anapanda ngazi ya chuma ya kibanda cha zamani cha simu za bandari. Mkono mmoja umeshika ngazi, na kwapani amebana vitambaa vitatu. Akifika juu ya paa anasimama kwanza apumue, kisha anageuza uso magharibi.

Haangalii maji. Anaangalia korongo la Boom, kule ambako reli na barabara ya Bishkek hutokea katikati ya milima.

"Maji hayana habari," anasema huku akifunga kitambaa cheupe kwenye mlingoti. "Maji ndiyo ya mwisho kujua."

Cheupe maana yake ziwa ni salama. Cha njano, kaa karibu na ufuko. Chekundu, toka majini sasa hivi, usiulize. Cheupe kilikuwa pazia la sebuleni kwake, na chekundu amekikata kwenye godoro alilopewa siku ya harusi yake.

"Mume wangu alinuna wiki nzima," anasema na kucheka. "Aliniambia, hata godoro letu unampa upepo?"

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Vijana wanaokuja mji huu wa Balykchy kuteleza kwa mbao zenye matanga, na wale wanaovutwa na vishada vikubwa vya angani, humwita Bibi Upepo. Kundi lake la simu lina watu mia nne na thelathini. Kila siku ya msimu, saa mbili asubuhi na saa sita mchana, wanasikia sauti yake ikisema upepo wa leo, na ukibadilika ghafla anawapigia mmoja mmoja wale anaojua wako majini.

Upepo wenyewe unaitwa Ulan. Unazaliwa korongoni, na ukishatoka hapo una dakika ishirini, ikizidi sana ishirini na tano, kabla haujafika mjini. Ukifika haubishi hodi. Maji yaliyokuwa beseni yanakuwa milima, na aliye juu ya ubao anapelekwa katikati ya ziwa, ambako maji ni ya baridi hata mwezi wa Agosti.

Mzazi unayesoma habari hii, shika dakika hizo ishirini. Watoto wetu wanaangalia maji, wanaona yametulia, wanaingia. Hapo ndipo mambo huharibika.

Burulcha aliingia bandarini mwaka 1984 akiwa msichana wa miaka ishirini, kazi yake kuunganisha simu. Wakati huo meli za mizigo zilikuwa zinakwenda hadi ng'ambo ya ziwa, na mpimaji wa hali ya hewa alikuwa akitangaza upepo kwa kipaza sauti. Baadaye meli zilisimama, mpimaji akaenda zake Urusi, kipaza sauti kikaibwa na nyaya zake. Burulcha akabaki na kibanda, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia aondoke.

Wazee wachache wa klabu ya mashua walizoea kupita dirishani kwake kuuliza, "Burulcha, leo vipi?" Akachoka kujibu mmoja mmoja, akawa anaandika kwa chaki mlangoni. Mwaka 1997 akaona chaki haitoshi. Ilikuwa inasema upepo ulipo, na yeye alitaka kusema upepo unaokuja.

Ndipo alipomkumbuka wifi yake, Zuurakan, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa kando ya barabara, pale pale mdomoni mwa korongo. Zuurakan hutunga samaki wake kwenye kamba na kuwaning'iniza mbele ya meza. Hewa ikiwa imetulia, samaki wananing'inia wima. Ulan ukitoka, wanalala ubavu na kuanza kugongana, ko-ko-ko, kama watu wanaocheza karata mezani.

"Nikamwambia, wifi, ukiwasikia wanagongana, kimbia mgahawa wa jirani unipigie," anasema Burulcha. "Usisalimie. Sema tu samaki wanagongana, kisha kata."

Huduma ikaanza hivyo, na kwa zaidi ya miaka ishirini haikuwa na chombo kingine chochote. Siku hizi klabu humlipa Burulcha somu elfu saba kwa mwezi, kwa miezi minne ya msimu. Haifiki bei ya kondoo mmoja mzuri. Miaka miwili iliyopita klabu iliweka kipima upepo cha umeme gatini, kinachotuma namba kwenye simu.

"Ni kizuri," anasema. "Kinakuambia upepo ukishakupiga kofi. Mimi nataka kujua mkono ukiwa bado unainuliwa."

Lakini yeye naye amewahi kuchelewa, na hilo halifichi. Anataka liandikwe ili wengine wajifunze.

Ilikuwa Agosti, miaka saba iliyopita. Wakwe walikuwa wanakuja kwake kwa mara ya kwanza, wazazi wa msichana aliyeolewa na mwanawe. Kondoo alichinjwa, mikate ya kukaanga ikamwagwa mezani, na kichwa cha kondoo kikawekwa mbele ya mkwe mwenyewe, Abdykerim, mkaguzi mstaafu wa reli. Chakula kilipokwisha Abdykerim akafungua viganja kuwabariki wenyeji. Kila mtu akafungua vyake.

Abdykerim si mtu wa dua fupi. Alianza na nyumba, akaenda kwa mifugo, akaja kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, akapanda juu ya paa, akarudi chini kwenye kizingiti.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni ya Burulcha. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Nilijua ni Zuurakan," anasema. "Lakini viganja vimefunguliwa. Mkwe anabariki nyumba yangu kwa mara ya kwanza. Unainukaje? Hata mtoto mdogo hainuki. Nikasema moyoni, sasa hivi atasema amina. Akaingia kwenye visima."

Ilitetemeka mara tatu. Mlingotini kitambaa cheupe kiliendelea kupepea, kwanza polepole, halafu kwa nguvu.

Asichojua yeyote pale mezani ni kwamba Syimyk, mtoto wa mwisho wa Abdykerim, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoroka. Alimjua baba yake. Aliposikia dua inakaribia alitoka kama anayekwenda chooni, akaazima ubao wenye tanga, akaingia ziwani. Aliona kitambaa cheupe, na maji yametulia.

Mashua ya wavuvi ilimkuta baada ya saa tatu na nusu, ameukumbatia ubao, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kutamka jina lake.

Alipona. Ufukweni Abdykerim alivua joho lake la heshima, lile alilovishwa na Burulcha asubuhi ile ile, akamfunga nalo mwanawe. Ni usiku, kijana amelala chini ya mablanketi manne, ndipo mzee alipofungua mdomo.

"Mkwe," alisema, "nilikuwa namwomba Mungu atulinde. Kumbe niliyemfunga mikono ni wewe, uliyewekwa kulinda."

Tangu siku ile, nyumbani kwa Burulcha simu hukaa juu ya kitambaa cha chakula, kando ya mkate. Ikilia anainuka, hata kama ni dua, hata kama ni msiba. Majirani walimsema.

"Walisema nimekosa adabu uzeeni," anasema. "Nikawaambia sawa. Nitakosa adabu, watoto wenu watarudi nyumbani."

Mwaka huu shida imekuja kutoka upande mwingine. Mwezi wa Aprili meza za samaki ziliondolewa pale korongoni, barabara inapanuliwa. Zuurakan, mwenye miaka sitini na saba na magoti mabovu, akaamua kuhamia Bishkek kwa binti yake. Jicho la korongoni likafumba, na msimu unafunguliwa Juni.

Burulcha alitafuta mtu. Wachungaji wakati wa kiangazi wako juu na mifugo. Wauza petroli hubadilishwa kila wiki. Gennady, kocha wa klabu, alimwambia wazi kwamba bila mtu wa korongoni watoto hawataingia ziwani baada ya saa sita mchana, wakati Ulan hupenda kutoka, na wengi wao asubuhi wanasaidia nyumbani. Hiyo maana yake hawataingia kabisa.

Aliyejitokeza ni Abdykerim. Nyumba yake iko umbali wa mita mia tatu tu kutoka mdomo wa korongo.

"Nilicheka," anasema Burulcha. "Kisha nikaogopa. Huyu mtu akinunua kiberiti dukani hutumia nusu saa."

Zuurakan alimwachia mzee kamba moja ya samaki, akaipigilia mwenyewe barazani kwa mzee. "Baba, hawa ni wa kazi," alimwonya. "Usije ukawala kwa bia."

"Mimi nimekagua reli miaka thelathini na moja, sijawahi kula msumari," mzee akajibu.

Jaribio la kwanza lilifanyika wiki tatu zilizopita. Simu ikalia kwa Burulcha, sauti ikaanza, "Mkwe, amani iwe juu yako. Umeamkaje? Watoto wazima? Mguu wako uliokuwa unauma? Ng'ombe amezaa? Na mama yake Gulnar, yule aliyelazwa?" Dakika nne zilipita kabla hajafika kwa samaki. Burulcha alishindwa kumkatisha. Ni mkwe.

Jaribio la pili alipunguza hadi dakika tatu, akaomba radhi kwa kupunguza, na radhi ikachukua dakika moja. La tatu aliwahi, lakini alikuwa amewala samaki wawili na kamba ilikuwa nyepesi, upepo mdogo tu ukawagonganisha. Watoto wachache waliokuwa wakifanya mazoezi kabla ya msimu walitolewa majini bure.

"Mzee, hii si harusi!" Gennady alimfokea kwenye simu.

"Mwanangu, hata moto ukiwaka, mtu husalimia kwanza ndipo aseme moto," mzee alijibu, naye hakuwa anatania.

Usimcheke. Wangapi kati yetu tumemwona mtoto wa jirani anacheza pabaya, tukaanza na habari za asubuhi kwa mama yake?

Leo, Jumamosi ya pili ya Juni, klabu inafunguliwa. Gennady ameweka sharti: mzee akichelewa leo, mchana unafungwa kwa msimu mzima. Saa nane mchana watoto kumi na mmoja wako majini na mbao zao, wamevaa majaketi ya rangi ya chungwa, wanapiga kelele kama shakwe. Ziwa ni beseni lile lile la asubuhi.

Burulcha amekaa juu ya paa, chupa ya chai miguuni, simu mapajani. Kila mara anapangusa kioo cha simu kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, ingawa hakina vumbi.

"Jana nimempigia nikamwambia, mkwe, ukinisalimia kesho utakuwa umenitukana," anasema. "Akanyamaza muda mrefu. Akaniuliza, kweli? Nikasema kweli. Sijui kama alilala."

Saa nane na dakika hamsini simu inalia. Burulcha anaibana sikioni. Inasikika ko-ko-ko ya vitu vikavu, kisha sauti ya mzee, imebanwa kama ya mtu anayebeba gunia.

"Samaki wanagongana."

Simu inakatwa.

Burulcha anaitazama. "Amenikatia," anasema. "Abdykerim amenikatia simu." Macho yamejaa machozi, lakini mikono tayari iko kwenye kamba. Cheupe kinashuka, godoro la harusi linapanda. Anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kule chini Gennady anaona chekundu, naye anaanza kupunga mikono.

Watoto wanalalamika. Mmoja anapaza sauti kwamba hakuna hata upepo. Wanavutwa, wanaburutwa, mbao zinapandishwa mchangani. Gennady anawahesabu mara mbili: kumi na mmoja.

Wanakaa kwenye mchanga wamenuna, wanatafuna mkate. Dakika ya ishirini na mbili mti wa mpopla ulio mbali kabisa unageuka mweupe, majani yakipinduliwa. Halafu ulio karibu. Halafu Ulan unafika, unabeba kofia ya Gennady, na ziwa linasimama wima. Aliyesema hakuna upepo anausogelea mguu wa mwenzake na kuushika.

Mama unayesoma haya, mpeleke mwanao ziwani, si vibaya. Lakini kabla hujaangalia maji, angalia kwanza kitambaa kwenye mlingoti. Na kama uliko hakuna kitambaa, uliza ni nani anayekesha upande ule upepo unakotoka. Kama hayupo, msirudi nyumbani bila kuwa mmemchagua.

Matumaini ya Burulcha ni mawili. Anataka mkamwana wake, ambaye ameanza kupanda naye paani, aichukue kazi hii magoti yake mwenyewe yatakapokataa ngazi. Na anataka jicho la pili upande wa mashariki, kule unakotoka Santash, upepo mwingine wa ziwa hili. Ameshasikia habari za mama mmoja mfuga nyuki wa kijiji cha upande huo.

"Nimeuliza swali moja tu," anasema. "Ana maneno mengi?"

Simu inalia tena. Saa tisa na nusu. Burulcha anashuka ngazi kwanza, anakaa kwenye benchi upande usio na upepo, anajimiminia chai.

"Mkwe," anasema Abdykerim. "Wametoka?"

"Wote kumi na mmoja. Wanakula."

Samaki wanasikika wakigongana.

"Basi amani iwe juu yako, mkwe. Umeamkaje? Mguu? Ng'ombe amezaa?"

"Amezaa jana, dume."

"Alhamdulillahi. Mkwe... naweza kufungua viganja?"

Burulcha anaiweka simu juu ya benchi, anaweka kikombe kando yake, anafungua viganja vyake vyote viwili.

"Fungua, mkwe," anasema. "Watoto wako nchi kavu. Omba unavyotaka, anza hata na visima."