Maana za Pembeni

Wiki iliyopita basi letu liliposimama Kibaigwa, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amefungulia wimbo wa kufokafoka. Ukapita mstari wa fumbo. Mwenzake akatoa simu kutafuta maana. Mimi nikajikuta nimeshika kiti cha mbele kama mtu aliyeitwa ofisini.

Sisi, kidato cha tatu kule Kongwa, hatukuwa na pa kutafutia. Tulikuwa na redio kaseti ya bibi yangu, na betri tulizoanika juani kwenye ungo, kando ya majani yake ya mlenda, zipate uhai wa jioni moja. Mkanda tuliurudisha nyuma kwa kalamu. Mimi nilinakili mistari upande wa kushoto wa daftari. Mwenzangu wa dawati, mwenye sikio kali kuliko darasa zima, aliandika kulia, kwa wino mwekundu, kile ambacho kila mstari ulikificha. Bibi, akibangua karanga, alituuliza, "Redio mnairudia mara kumi. Mwalimu je?"

Kisha tukaanza kutunga yetu. Niliandika ubeti wa ng'ombe mzee anayelala kwenye mtama wa watu, wala hakuna wa kumfukuza. Shule nzima ilijua ni mwalimu mkuu, aliyetulimisha shamba lake kila Jumamosi, lakini ukiniuliza, ningekujibu ni ng'ombe. Kwa mazoea tu, mwenzangu akajaza upande wa kulia ng'ombe huyo ni nani.

Daftari likakamatwa kwenye ukaguzi wa mabegi. Asubuhi mwalimu wa nidhamu akatusimamisha mbele ya shule. Kosa hilo lilikuwa la kufukuzwa.

"Huyu ng'ombe ni nani?"

"Ng'ombe tu, mwalimu. Wa kijijini."

Watu wakacheka chinichini. Akageuza daftari. "Na hii nyekundu, mwandiko wa nani?"

Nilimfikiria bibi, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba nitakuwa mwalimu. Nikatazama viatu vyangu.

"Wangu, mwalimu," mwenzangu akasema.

"Na ubeti?"

"Wangu pia."

"Mbona miandiko miwili?"

"Mkono ukichoka huandika hivyo, mwalimu."

Mwalimu akanitazama mimi, muda mrefu. Nikarudisha macho kwenye viatu vyangu. Mchana ule mwenzangu alibeba begi lake akaondoka, na baadaye tukasikia anapakia magunia ya mahindi Kibaigwa. Mimi nikamaliza kidato cha nne. Tangu hapo nimeishi miji mingi, wala hakuna ulionishika zaidi ya miaka miwili. Na kila nikipita Kibaigwa, hubaki ndani ya basi.

Safari hii nilishuka. Nikawauliza wapakiaji, na mmoja mwenye mvi akasema, "Yule wa mafumbo? Alihama zamani, hatujui alikoelekea. Wewe nani yake?"

Basi likapiga honi.

"Tulisoma wote," nikasema, nikapanda.

Bibi hayupo, redio haipo, daftari lilichomwa jikoni mwa shule. Nami, kwa maneno yale mawili, nilikuwa nimeficha tena, na hapakuwa na wa kuandika maana pembeni.