Mshale Uliosogea Silo Ikiwa Tupu

Miaka ya sabini ilipokuwa ikianza, nilikuwa karani wa mizani ya malori kwenye ghala la ngano nje kidogo ya Njoro. Silo yetu mpya, mnara wa chuma wa kuhifadhia ngano, ililia kila ilipojazwa, mlio mrefu uliotisha, hata wapakiaji wakakataa kupita karibu nayo. Meneja akamwita mhandisi kutoka Nakuru, Singasinga wa makamo, mpole.

Alikwangua rangi upande wa mashariki, akabandika kikaratasi kidogo kuliko stempu, chenye waya mwembamba kama unywele, kisha akakifunika kwa nta. Kutoka hapo alivuta nyaya mbili hadi kwenye mita mezani pangu.

"Chuma kikivutwa, waya huu unarefuka nacho," aliniambia. "Ukirefuka, umeme unapita kwa shida, na mshale unasogea. Uandike kila saa, mama."

"Chuma kinene vile kinavutika?"

"Kinavutika. Macho yetu tu ndiyo hayaoni."

Siku mbili silo ilikuwa tupu, lakini mshale ulipanda kila asubuhi na kushuka jioni. Niliandika nilichoona. Mhandisi aliposoma daftari akakunja uso.

"Silo tupu inavutwa na nini? Umesoma vibaya."

Maneno yale yalinikera. Kesho yake, mshale ulipopanda tena, nilitoka nikagusa chuma. Kilikuwa moto. Nikachovya gunia kwenye pipa la maji, nikalitundika juu ya kile kikaratasi, nikarudi mezani mbio. Mshale ulikuwa ukishuka.

Nilirudia jambo lile mbele yake. Akacheka.

"Ni jua, mama. Nilidhani baridi ya huku itatusaidia. Nisamehe."

Akabandika waya wa pili kwenye kipande cha chuma kisichobeba kitu, akakitundika kando ya ule wa kwanza. Jua lingepiga vyote viwili sawa. Tofauti iliyobaki ingekuwa ya mzigo.

Tulipojaza ngano, mshale ulipanda polepole, kisha silo ikalia na mshale ukaruka.

"Simamisheni!" mhandisi alipiga kelele.

Tukakagua ukuta wa upande ule, tukakuta bolti za mstari mmoja zimelegea. Zilipokazwa, kilio kikaisha na wapakiaji wakarudi kazini.

"Na daraja la reli," nilimuuliza akifungasha vyombo, "nalo hurefuka treni ikipita?"

"Kila treni."

Jumapili nilimpeleka mume wangu darajani. Treni ya mizigo ikapita, nami sikuona kitu.

"Tunangoja nini?" akauliza.

"Nyingine," nikamjibu.