Kabari Katikati ya Magego

Kwa muda mrefu nilitembea na kijiti cha meno katika mfuko wa shati, mahali ambapo wasomi wenzangu huweka kalamu. Kalamu nilikuwa nayo pia, lakini kijiti ndicho kilichofanya kazi zaidi. Kati ya magego yangu mawili ya upande wa kulia, chini, palikuwa na nafasi iliyokaribisha kila kitu: nyuzi za nyama ya mbuzi, sukuma wiki, maganda ya mahindi. Sikuzaliwa nayo. Ule mwanya wa mbele ambao watu husifiwa nao, Mungu alininyima. Huu wa nyuma nilipewa na daktari mmoja mjini Meru aliyeniziba jino harakaharaka, akanipiga begani na kuniambia nimepona.

Siku moja nyumbani Kanyakine tulichinja mbuzi, ndugu wakaja, na mimi kama kawaida nikasimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Huwa natoa shukrani ndefu. Nilipofika katikati ya sentensi moja nzuri, ulimi ukaondoka wenyewe kwenda kutafuta uzi wa nyama, nikanyamaza. Watu wakadhani nimezidiwa na hisia. Shangazi mmoja akaanza kujifuta macho kwa ncha ya leso. Mke wangu, ambaye ananijua, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Ngojeni kidogo, anachokonoa."

Mambo yangebaki hapo, mzaha wa familia, kama kipande cha ule uzibaji hakingevunjika nikila mahindi ya kuchoma. Kuanzia siku hiyo jino lilipiga kelele kila nilipokunywa chai. Nikaacha kucheka. Upande wa kushoto sina gego la kutegemea. Yaliyokuwepo yaling'olewa nikiwa shule ya bweni, enzi ambazo dawa ya kila jino ilikuwa koleo. Kutafuna kwangu kote kulikuwa upande wa kulia, na jino hili ndilo lililokuwa nguzo yake. Likienda, nami naenda zangu kwenye uji na ndizi za kupondwa. Babu yangu alimaliza maisha yake akitwangiwa muthere kwenye kinu, mahindi na maharagwe yale yale tuliyokuwa tukila sisi, ila yake yakiwa yamesagika kama chakula cha vifaranga. Alikuwa akitutazama tukitafuna. Sijayasahau macho yake, na sikuwa tayari kuyarithi.

Mke wangu ni Mwembu. Akaamua kwamba sisi Wameru tumeshindwa na kinywa changu, sasa ni zamu ya watu wake. Huko Embu kuna daktari wa meno, mwanamke aliyesoma na mdogo wake, kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji hata kabla ya kuniona. Tulipoingia kliniki, mke wangu hakubaki nje na wagonjwa wengine. Alivuta kiti akaketi karibu na miguu yangu, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

"Shemeji, karibu," daktari akasema. "Lala vizuri. Wacha kushika kiti hivyo, hakiendi mahali."

"Huyo alikuwa mkali sana njiani," mke wangu akasema. "Amenifundisha historia ya meno kutoka Chuka mpaka Runyenjes."

Daktari akanifungua mdomo, akagusagusa kwa kile chuma chao chembamba chenye ncha iliyopinda. "Ni vava?" akauliza, yaani hapa. Kiembu kina v nyingi sana, sauti ambayo huwezi kuitoa bila meno. Nilitaka kumwambia sishangai watu wake wametoa daktari wa meno, lakini nilikuwa na kioo mdomoni. Nikasema "îî", ambayo kwetu na kwao ni ndiyo.

Alipokitoa kioo akanieleza kosa la yule mwenzake wa kwanza. Jino likioza ubavuni, pale linapogusana na jirani yake, daktari hutoboa, kisha hulizungushia ukanda mwembamba wa chuma ili dawa isimwagike kwa jirani. "Sasa, ukanda uko na unene," akasema. "Kidogo tu, lakini uko. Kama sikusukuma meno kando kwanza, nikitoa ukanda, nafasi yake inabaki. Hapo ndio mbuzi wako wanalala."

"Wote," mke wangu akasema.

"Kwa hivyo naweka hii, halafu hii." Akaniwekea vitu viwili mbele ya macho. Kimoja kilikuwa pete ya chuma yenye miguu miwili, inayojikaza kama kibanio cha nguo. Kingine kilikuwa kijiti kidogo cha mbao, kimechongwa pembe tatu, kinene huku na chembamba kule, kidogo kuliko punje ya mahindi. "Zinayaachanisha meno kidogo tu. Nikimaliza nazitoa, meno yanarudi yanabanana. Hata uzi unapita kwa nguvu."

Mtu mwenye akili angesema asante daktari. Mimi nilikinyooshea kile kijiti kidole. "Hiyo," nikasema, "kwa Kiswahili sanifu ni kabari."

"Kaba nani?"

"Kabari. Ya kupasulia kuni. Unaipigilia kwenye ufa, gogo linaachana."

Daktari akakitazama kijiti chake upya, kisha akanitazama mimi. "Shemeji, hayo maneno si ungengoja nimalize. Sisi hapa tunaiita weji, na hakuna mtu amewahi kupasuka."

"Mwache," mke wangu akasema. "Akiogopa anakuwa kamusi."

Ilikuwa kweli. Na neno nililolitoa ili nionekane jasiri likaanza kunifanyia kazi vibaya. Baba yangu alikuwa na kabari aliyotengenezewa na mhunzi kutoka kwa springi ya lori, ambayo aliitumia kupasulia magogo ya mukima, ile miti inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Nilikumbuka mlio wa gogo linapokubali. Nikajaribu kukumbuka gogo lolote lililowahi kurudi kubanana baada ya kabari kutolewa. Sikulipata.

"Mambo mawili," daktari akasema akijaza sindano ya ganzi. "Ukisikia uchungu, inua mkono. Na nikipata imeoza mpaka chini kabisa, nitakuuliza kama ning'oe."

"Mkono hatainua," mke wangu akasema. "Hujui Wameru? Hata ukimkanyaga na trekta atasema amesikia baridi kidogo."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu mdomo ulikuwa bado wangu. Lakini moyoni nikala kiapo. Tulilelewa kwamba mwanamume chini ya kisu cha tohara hapepesi jicho, na ingawa mimi nimeandika makala kadhaa kuikejeli fikra hiyo, nikaifumbata mikono yangu juu ya tumbo na kuamua kwamba haitaondoka hapo mbele ya Waembu wawili.

Ganzi ikashika. Daktari akaniwekea kipande cha mpira upande wa kushoto ili mdomo usijifunge, akatia mrija wa kufyonza mate, kisha akasukuma kabari katikati ya magego. Haikuuma. Ilikuwa hisia ya kusogezwa, kama pale kanisani unapoona benchi limejaa na mama mwenye mwili anasema, "Songeni kidogo," na mnasonga. Halafu mashine ikaanza.

Ndipo nilipogundua kwamba nimelipeleka domo langu mahali pabaya. Wale wawili walianza kuzungumza Kiembu juu ya kifua changu. Kiembu nakisikia vizuri. Nimeishi nacho nyumbani miaka mingi. Walizungumza kwanza juu ya bei ya makadamia, halafu juu ya Wameru kwa jumla, halafu juu ya mmoja. Mke wangu alimweleza kwamba hii ni mara yake ya kwanza kuniona nimenyamaza huku nikiwa macho. Akasimulia ile ya shangazi na leso. Akasimulia nilivyofunga mswaki kwa mpira wa baiskeli nikisema nimebuni kitu. Kila nilipokuwa na jibu, na nilikuwa na majibu mazuri, lilitoka kama ng'ombe anayeita ndama.

Mashine ikanyamaza. Daktari akainama, akamulika, akagusa. Safari hii hakucheka.

"Shemeji, imeenda chini," akasema. "Imeenda chini kuliko nilivyofikiria. Naweza kujaribu, lakini linaweza kukusumbua baadaye. Ning'oe tu, tumalizane nalo?"

Kwa Kimeru hapana ni arî. Ni neno fupi na la kiume, na tangu utoto limenitosha. Lakini arî inautaka ulimi upige ile r, na ulimi wangu ulikuwa umelala chini ya mrija kama mtu aliyefunikwa na gunia. Nilisema arî kwa moyo wangu wote. Kilichotoka kilikuwa "a-îî."

"Amesema îî," daktari akamwambia mke wangu.

"A-îî," nikasema kwa nguvu zaidi.

"Ameshakubali, hakuna haja ya kupiga kelele," daktari akasema kwa upole, akageukia meza ya vyombo. Nilisikia chuma kikigusana na chuma.

Nikamtazama mke wangu. Huyu ni mtu ambaye amesikia arî yangu katika kila hali: nikiwa na homa, nikiwa usingizini, nikiwa nimejaza mdomo ndizi. Hakuna mtu duniani anayeijua zaidi. Alinitazama machoni, akainamisha kichwa kidogo, na nikaona midomo yake inajizuia.

"Mimi pia nimesikia îî," akasema.

Nikauona muthere wa babu. Nikakiona kinu. Na mikono yangu, bila kuniomba ruhusa, ikapaa kutoka tumboni, yote miwili, juu kabisa, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukingo wa kiti changu. "Ameinua," akasema. "Mmeru ameinua. Na si mmoja."

Daktari aligeuka akiwa na koleo mkononi. Akaitazama mikono, akamtazama mke wangu, akaelewa. Akakirudisha kile chombo mezani na kuniondolea mrija. "Sema tena."

"Arî," nikasema, na r yake ilivuma vizuri sana.

"Hiyo sasa ndiyo lugha. Haya, tujaribu. Lakini likikataa, usiniletee maneno, na najua unayo mengi."

Akatia dawa chini kabisa ya shimo, akaweka ukanda, akapachika pete. Hapo ndipo nilipoisikia nguvu ya kile kibanio. Miguu yake ilisimama upande huu na ule wa kabari, na magego yaliyokuwa majirani tangu ujana yakaanza kuachana, polepole, bila ugomvi. Akajaza, akashindilia, akamulika kwa ule mwanga wa bluu. Alipotoa pete, kisha ukanda, kisha kabari, nilihisi meno yakirudi nyumbani. Sina neno lingine. Akapitisha uzi katikati, ukakwama kidogo, ukapita na kulia "tak".

"Umesikia?" akasema. "Hapo mbuzi hapiti. Sasa tungoje. Likikuamsha na uchungu, rudi. Likinyamaza, umeponea."

Njiani kurudi, nusu ya mdomo ikiwa bado ya watu wengine, nilianza kufikiri. Ni tabia. Nikamwambia mke wangu kwamba kuna jambo kubwa hapa: ili vitu viwili vikae pamoja vizuri, sharti kwanza vitenganishwe kidogo. Nikamwambia huenda hata ndoa iko hivyo. Mate yalikuwa yananitoka upande mmoja.

"Kwa hivyo unataka nibaki Embu?" akauliza.

Nikaacha kufikiri.

Wiki zile za kungoja nilikuwa nikiamka na kulisikiliza jino kama mtu anayesikiliza mlango. Chai ya kwanza niliinywa vuguvugu, kwa upande wa kushoto, nimefumba macho. Ya pili ilikuwa moto. Jino likanyamaza. Likaendelea kunyamaza. Mbuzi mwingine alipochinjwa Kanyakine, nilikaa kimya kando na mfupa wa ubavu, nikautafuna upande wa kulia mpaka ukang'aa. Ulimi ulikwenda kukagua kwa mazoea, ukakuta ukuta. Nilipapasa mfuko wa shati na kukuta kalamu tu. Nakiri nilisikitika kidogo. Kile kijiti kilikuwa kimenipa la kufanya watu wengine wakizungumza.

Nilikuwa bado na nyama mdomoni, nyingi, nikiifurahia, mke wangu alipoita kutoka jikoni mbele ya ukoo wote.

"Wewe ndio utaosha hizi sufuria, ama?"

Nikasema arî. Nyama ilikuwa imejaa, ulimi hauna nafasi.

"Mmemsikia wenyewe," akawaambia shangazi zangu. "Amesema îî."

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa na mafuta mpaka vifundoni, na hata hivyo safari hii hakuna mtu aliyekuwa ameniambia niiinue. Nikameza, nikakunja mikono ya shati, nikaenda kutafuta maji.