Mlimau wa Nyuma ya Jikoni

Mama alikuwa ameshaamua: Jumapili mlimau ukatwe. Viwavi walikuwa wameula ukabaki njiti tupu, na jirani yetu Mkatoliki alikuwa ameshaambiwa aje na panga lake mapema, kabla ya misa. Mti ule aliupanda baba, na tangu tumzike sikuwa na kitu kingine cha mkono wake kilichokuwa bado kinakua. Hilo sikumwambia mama. Nilimwomba tu nafasi nimpigie picha, aone wale viwavi anaowalaani wanageuka kuwa nini. Akasema sawa, lakini picha ifike kabla ya panga.

Mimi napiga picha za harusi mjini Kisii, na bibi harusi ukimwambia asimame, anasimama. Mdudu wa shambani hana habari na wewe. Lenzi ya karibu nayo ina kichaa chake: ukipumua tu, kila kitu kinapotelea kwenye ukungu. Nilishinda nimelala kifudifudi matopeni, pumzi nimeibana, kaupepo kanakuja, jani linatikisika, basi, naanza upya. Wapita njia waliniuliza nimeangusha nini. Ganda la kwanza, lile ambamo kiwavi hujifungia ageuke kipepeo, lilipasuka nikiwa nimepeleka majani kituo cha chai. La pili likapasuka nikibadilisha betri. Betri, jamani! Nililia kwa hasira, mtu mzima na ndevu zangu.

Likabaki ganda moja, kiwavi amelifunga kwa uzi mwembamba kwenye tawi la chini. Ijumaa jioni likawa jeusi, linaangaza kama kioo, na madoa ya njano ya mabawa yakaonekana ndani. Nikajua ni kesho asubuhi. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kesho ilikuwa Sabato.

Kwetu jua likizama Ijumaa, vifaa vya kazi vinaingia nyuma ya mlango wa jikoni: panga, jembe, vikapu vya kuchumia chai. Mama akanyoosha mkono, akanivua kamera shingoni, akaiweka hapo hapo kando ya jembe. Nikamwambia kazi ni zile picha za harusi, hii siyo. Nilibishana naye mpaka sauti ikapanda, jambo ambalo si desturi nyumbani kwetu.

"Kinachokulisha ndicho jembe lako," alisema, akaanzisha wimbo wa kufungua Sabato.

Asubuhi nilikaa mbele ya mlimau mikono mitupu, nimekasirika hadi masikio yanawaka. Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma yangu tu, haukuwa hata na kufuli. Mama akatoka amevaa nguo za kanisani, anataka twende. Hapo ganda likapasuka. Nikainua mkono asisogee, naye akasimama. Kikatoka kichwa, ikatoka miguu, kisha mwili mbichi wenye mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Kipepeo huning'inia hivyo mpaka mabawa yanyooke, na yakikauka yamejikunja, haruki tena maishani.

Ndipo nikawaona sisimizi. Mstari mzima ulikuwa unapanda shina, moja kwa moja kumwelekea. Kumgusa ni kumwangusha, na kutikisa tawi ni yale yale. Mimi niliduwaa. Mama akaingia jikoni, akarudi na jivu kwenye kikombe, akapiga magoti matopeni na gauni lake la Sabato. Akalizungushia shina jivu taratibu, na wale waliokwisha kupita akawapangusa kwa kidole, mmoja mmoja. Sijawahi kumwona mama akishika hata ufagio siku ya Sabato.

Nyimbo za kanisani zikaanza kusikika ng'ambo ya mto, sisi bado tumechuchumaa, na mimi naogopa hata kumeza mate. Mabawa yakanyooka, meusi yenye njano. Akayafungua, akayafunga, kisha akaruka akapita juu ya migomba.

Jumapili jirani alifika na panga limenolewa. Nilisimama kando, sina picha, sina la kujitetea, na mama si mtu wa kubembelezwa. Akaniuliza mbele ya jirani kama ile picha ninayo. Nikasema sina.

"Basi mti haukatwi," akamwambia jirani. "Picha bado."